Ammita Yenye Nondo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wa Bodi ya Shule. Mkuu wa Shule, bosi wangu, ambaye tangu asubuhi ameshaniomba mara mbili nisizidishe dakika tano. Walimu wenzangu mliowahi viti vya chini ya feni. Wazazi wetu mliobakiziwa upande wa jua. Na nyinyi wanafunzi wa kidato cha mwisho, ambao mko nje mmeshika nondo za dirisha kwa sababu viti vya maabara yenu vimekaliwa na wageni wa maabara yenu: kila mtu kwa cheo chake na mahali alipofika, nawasalimu sana.

Nimepewa kazi ya kutoa shukrani. Wazoefu wa sherehe wanajua kwamba mtoa shukrani hupangwa mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kusikia harufu ya chakula, ili akisema jambo lisimfikie mtu. Sina kinyongo. Nimefundisha fizikia kipindi cha mwisho cha Ijumaa kwa miaka mingi, na nimezoea kuzungumza na watu ambao viwiliwili vyao vipo na wenyewe wameshaondoka.

Kwanza nikushukuru wewe, Mheshimiwa. Umepewa mkasi butu, ukautafuna utepe wetu taratibu mpaka ukakubali kukatika, na hukukunja uso hata kidogo. Kisha ukaletewa ufunguo wa maabara juu ya sinia lenye kitambaa chekundu, umefungwa kishada cha utepe. Ukafungua kufuli, tukapiga makofi, na badala ya kuurudisha ufunguo kwenye sinia ukautia mfukoni, mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Bila shaka ulidhani ni zawadi. Yeyote angedhani hivyo, kwani kitu chenye kishada huwa ni zawadi. Nadhani ni mimi peke yangu niliyekuwa namtazama Mkuu wa Shule wakati ule, nikaona jicho lake likiusindikiza ufunguo hadi ulipozama. Ni mtu wa adabu, hakusema kitu. Nami sitaki papara, hilo la ufunguo nitalirudia baadaye.

Nimeagizwa pia nieleze kwa ufupi watoto wetu wanajifunza nini katika fizikia ya mwaka wa mwisho, ili wageni wajue jengo hili ni la nini. Agizo zuri. Mimi mwenyewe kuna siku nimesimama hapo nje nikijiuliza swali hilo hilo.

Basi mwaka tunaufungua na umeme. Wanajifunza mkondo, volteji na ukinzani. Ukinzani, ndugu zangu, ni ile tabia ya kitu kuuzuia mkondo usipite. Kila kitu kinao, hata waya mzuri wa shaba, ila vinazidiana. Katika mada zote za mwaka, hii ndiyo darasa langu waliielewa haraka kuliko zote, kwa kuwa mifano tulikuwa nayo hapa hapa shuleni. Mfano ninaoupenda zaidi sitautaja leo, kwa heshima, maana umekaa mstari wa mbele.

Maabara hii, Mheshimiwa, haikukamilika juzi kama rangi yake inavyodanganya. Rangi ndiyo ya juzi. Jengo lina miaka miwili. Vifaa vililetwa na lori, vikapangwa kwenye makabati haya ya vioo mnayoyaona: ammita za kupimia mkondo, voltimita, koili, sumaku, lenzi, mizani, waya za kila rangi. Siku ile nilizunguka makabati haya nikimeza machozi, mtu mzima mimi, nikawaambia watoto, "Kesho njooni na makoti meupe." Wakaja na makoti meupe. Wakakuta kufuli.

Nikaenda ofisini. Nikauliza kulikoni. Mkuu wa Shule akanieleza kwa upole wake wote kwamba maabara haiwezi kutumika kabla ya uzinduzi rasmi.

"Mkuu, kwa nini?"

"Mwalimu, fikiria. Kitu ukishakitumia, utakizinduaje tena?"

Nilifikiria. Nimefikiria kwa miaka miwili, na nakiri mbele yenu kwamba sijapata jibu. Hoja ile haina pa kuishika. Ukikubali kwamba jengo lilijengwa ili lizinduliwe, mengine yote yanafuata vizuri kabisa.

Uzinduzi ukapangwa mwezi uliofuata. Mgeni aliyealikwa akapata safari. Ukasogezwa mwezi ujao. Ikanyesha mvua. Ukasogezwa tena mwezi ujao, halafu ikaonekana rangi imechuja kwa kusubiri, ikabidi ipakwe upya, na rangi mbichi haizinduliwi. Wakati huo nilikuwa nafundisha nusu-uhai, yaani jinsi vitu vyenye mnururisho vinavyopungua: muda fulani ukipita inabaki nusu, muda huo huo ukipita tena inabaki nusu ya hiyo nusu, na ukiendelea hivyo huwezi kufika siku ya kusema sasa imekwisha. Darasa langu wakaona kipimo hicho hakina jina zuri. Wakakiita "mwezi ujao". Kuna mmoja aliandika kwenye jaribio kwamba nusu-uhai wa matumaini ni mwezi ujao mmoja, nami nikampa alama, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi.

Ninyi mkisikia hivi mnaweza kudhani watoto hawa hawakusoma. Hapana. Walisoma, na walisomea pale pale mnapowaona wamesimama sasa. Mimi nilisimama nao kwenye baraza, nimeshika fimbo nyembamba, naipenyeza katikati ya nondo na kuelekeza. "Kile cheusi chenye mshale, kabati la pili, ndiyo ammita. Huyo pacha wake wa pembeni ni voltimita. Wanatofautiana herufi moja usoni. Herufi hiyo kutoka hapa haionekani, kwa hiyo mniamini." Asubuhi kioo kinawaka jua, huoni kitu ila sura yako mwenyewe, basi ikabidi fizikia ihamishiwe mchana. Warefu walikaa nyuma. Wafupi walikuja na tofali la kusimamia, na kulikuwa na ugomvi wa tofali, nikauamua. Mwalimu mwenzangu akiulizwa kidato cha mwisho wako wapi, alijibu bila kutabasamu, "Wako dirishani." Likawa ndilo jina la somo letu.

Hatukujifunza haba. Lenzi tulizisoma kupitia kioo, jambo ambalo kisayansi lina maana fulani. Mizani tuliiona ikipimia vumbi. Mada ya kazi tuliifanya kwa vitendo kabisa, na hapa nitoe shukrani za pekee kwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye ametuambia katika kila kikao cha wazazi kwamba suala la maabara analisukuma kwa nguvu zake zote. Tunaamini. Katika fizikia, kazi ni kani uliyotumia mara umbali ambao kitu kimesogea. Ukisukuma ukuta mpaka shati likalowa na ukuta haukusogea, kazi uliyofanya ni sifuri. Hao wanaocheka dirishani naomba wasamehewe, Mwenyekiti. Swali hilo hutoka kila mwaka kwenye mtihani.

Mtihani nao tuliupata. Mtihani wa majaribio, uliosahihishwa na mwalimu wa shule nyingine, mtu makini ambaye hatujuani. Jioni moja akanipigia simu.

"Mwalimu, samahani kukusumbua. Shuleni kwenu mnatumia ammita za aina gani?"

Nikamwambia za kawaida tu.

"Za kawaida. Haya. Sasa mbona zina nondo?"

Sikumwelewa. Akaniomba niende. Nilipofika alikuwa amezitandaza karatasi mezani, zote zimefunguliwa swali moja: Chora ammita, kisha taja sehemu zake. Nikatazama ya kwanza. Mduara mzuri, mshale, kipimo, halafu mbele ya hivyo vyote mistari minne minene iliyosimama wima kutoka juu hadi chini. Ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Darasa zima, Mheshimiwa, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, walikuwa wamechora ammita kama walivyoiona, na nondo zake. Mmoja mwenye bidii alitaja na sehemu: mshale, kipimo, nondo za chuma. Mwingine akaongeza matumizi, kwamba kazi ya nondo ni kuilinda ammita isiibwe.

Yule mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka naye, kwa sababu ukimwona mtu anacheka hivyo huwezi kujizuia. Kisha akafuta macho akaniambia, "Lakini siwezi kuwapa alama, Mwalimu. Unaelewa." Nikamwambia naelewa. Nikaondoka, na njiani kicheko kikaniishia chote. Niliona uchungu, na niliona hasira, na hasira yenyewe ninayo hadi dakika hii ninapoongea nanyi kwa adabu. Kwa sababu siku ya kwanza kabisa ya fizikia niliwafundisha watoto wale jambo moja: chora unachokiona, usichore unachodhani. Walinitii. Walipata sifuri kwa utiifu.

Kuna binti katika darasa hilo, wenzake wanamwita Kwa Nini. Ukimjua dakika mbili utajua jina limetoka wapi. Mama yake ni fundi cherehani, yupo hapa, upande wa jua, naomba asisimame maana najua hapendi. Mama huyu niliposema watoto waje na makoti meupe, alimshonea binti yake koti usiku ule ule. Limekaa miaka miwili. Ameshalishusha pindo mara mbili kwa sababu mtoto anarefuka, na ukilitazama leo, hapo dirishani, la pili kutoka kushoto, ni jeupe kama siku liliposhonwa. Halijawahi kupata hata doa la wino. Baada ya matokeo yale ya nondo, mama alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mwalimu, mwanangu anasoma fizikia au anasoma dirisha?"

Nikamkaribisha maji.

Huyo Kwa Nini anataka kuwa mhandisi wa umeme. Anaweza. Hesabu anapiga kunishinda, na simwambii asije akavimba kichwa. Lakini mtihani wa mwisho una karatasi ya vitendo. Ni mwezi ujao, na huu ni mwezi ujao wa kweli, wa kwenye ratiba, hauahirishwi kwa mvua wala kwa rangi. Siku hiyo atawekewa mezani betri, waya, ammita isiyo na nondo, ataambiwa: unganisha, soma, andika. Hajawahi kushika waya. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi. Akianguka karatasi hiyo, fizikia yote imekwenda, na uhandisi umekwenda nayo, na atabaki mtu aliyejua kila kitu kwa maneno. Hilo tu ndilo linalonifanya nizidishe dakika tano, Mkuu, na naomba uniwie radhi, saa ya ukutani naiona.

Ndiyo maana leo asubuhi, tulipokuwa tunapanga viti hivi, nilimfuata Mkuu wa Shule kwa furaha.

"Mkuu, hatimaye. Jumatatu naanza vitendo na watoto?"

"Mwalimu, usiwe na haraka. Mwezi ujao tuna wakaguzi. Wakute vifaa ni vipya, hata plastiki haijatolewa. Wakishaondoka, tutazungumza."

"Mwezi ujao ndio mtihani, Mkuu."

"Tutazungumza. Hotuba zikiisha tu, wageni wakienda kula, mimi nafunga."

Naomba msimfikirie vibaya. Mtu huyu anavipenda vifaa hivi. Kufuli lile pale mlangoni alilichagua mwenyewe, na siku alipolileta aliniita ofisini kunionyesha, uso unang'aa kama wa mtu aliyepata mjukuu. "Mwalimu," akasema, "makufuli ya siku hizi ukiyabana tu yanajifunga, mtu yeyote anaweza. Hili halitaki mchezo. Halifunguki bila ufunguo, na halifungiki bila ufunguo. Ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, basi." Ufunguo wa akiba pia ulikuwepo. Huo aliuhifadhi mahali salama kiasi kwamba mpaka leo hajapakumbuka.

Mada yetu ya mwisho kabla ya marudio ilikuwa sumaku na koili. Nataka wageni waondoke na hili, kama hawataondoka na lingine. Ukichukua sumaku ukailaza ndani ya koili ya waya iliyounganishwa na ammita, ikatulia, hupati kitu. Mshale hauchezi. Iache siku nzima, iache miaka miwili, ifunike na plastiki, hupati kitu. Ila ukiisogeza, ukaiingiza na kuitoa, pale pale mkondo unapita na mshale unaruka. Feni hiyo inayowapepea walimu wenzangu inazunguka kwa sababu kuna mahali fulani sumaku na waya havikuachwa vitulie. Sheria hiyo darasa langu wanaijua kwa ghibu, wanaweza kuikariri wakiwa usingizini. Mshale ukiruka hawajawahi kuuona. Nilipomaliza kuwaeleza, kwa fimbo yangu, pale barazani, Kwa Nini akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo ile sumaku ya kabatini haitoi chochote?"

"Ikikaa vile, haitoi."

"Sasa kwa nini inatunzwa?"

Nikamwambia swali hilo halimo kwenye silabasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakaribia kumaliza. Naona Mkuu wa Shule amemtuma mtu akutafute kwa nyuma, yule kijana wa itifaki mwenye sinia, na sinia lina kitambaa chekundu juu yake, tupu. Ninajua anachokuja kukunong'oneza. Kabla hajafika, nisikilize mimi.

Leo umeombwa mengi. Bodi imekuomba ukuta wa kuzunguka shule, Mkuu amekuomba basi, kwaya imekuomba spika, na ulivyoitikia kwa kichwa nadhani tutavipata vyote mwezi ujao. Mimi ombi langu ni dogo kuliko hayo. Sikuombi utupe kitu. Nakuomba usitupe kitu. Hapo ulipoutia ufunguo wetu, uache pale pale. Ulipewa mbele ya watu, juu ya sinia, na kishada, tukapiga makofi. Itakuwa aibu kubwa kwa shule nzima tukikunyang'anya zawadi mlangoni. Nenda nao nyumbani. Uweke kwenye droo yenye vitu vingi. Ukiulizwa kwa barua, chelewa kujibu. Ukiulizwa kwa simu, sema utaangalia.

Kwa maana kufuli linaning'inia pale, mdomo wazi, na Mkuu mwenyewe amenihakikishia kwamba bila ufunguo halifungiki. Wezi wasiwape wageni wasiwasi: mlango una komeo lake, mlinzi yupo, na nondo mnaziona. Mkuu akitaka kufuli jingine, ni haki yake, lakini ununuzi wa kufuli la shule lazima upitishwe na Bodi, na jinsi Bodi inavyosukuma mambo nimeshaeleza. Mtihani utakuwa umepita.

Darasa langu, sasa nasema nanyi. Wageni wakitoka kwenda kula, viti vitabaki. Msibaki hapo dirishani. Zungukeni upande wa pili kuna mlango, najua hamjazoea kuutumia. Plastiki mtaitoa nyinyi. Kwa Nini, ammita ni kabati la pili, na herufi yake ukaisome mwenyewe leo, usiniamini tena mimi. Na mama yake, naomba unisamehe mapema: hilo koti likirudi nyumbani jioni bado jeupe, mimi na binti yako tutakuwa hatujasoma kitu.

Wazazi, walimu, wageni wote, mmenivumilia na nimewashukuru kweli, safari hii bila utani. Mheshimiwa, chakula chako nimeomba kifungwe, kiko kiti cha nyuma, na dereva wako ameshawasha gari. Asanteni nyote kwa masikio yenu.